Aliyekanyaga Breki ya Ndege ya Sefu

Utasema mzee huyu akili zimemwisha, sema tu. Lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa mzima mpaka mchana ule wa Kigamboni. Shule niliishia darasa la tatu, uongo mrefu hivi ningeutolea wapi?

Mie ni fundi breki, Temeke, tangu ujana. Mimi na Sefu tulifundishwa na mtu mmoja, Fundi Ngwali, Mungu amrehemu, mtu wa ugoro, anakohoa kikavu kabla ya kila neno. Alipofariki, kisanduku chake cha spana akamwachia Sefu. Nilimzika kwa mikono yangu hii, na kisanduku nilishakisamehe. Aa, niseme kweli, sijakisamehe.

Sasa Sefu huyo, miaka saba kajifungia kwenye banda la shemeji yake Kigamboni, anaunda ndege. Ndege kweli, ya watu wawili, mabomba na turubai. Mtaa ukamcheka, mie nikacheka kuliko wote. Injini ilipoanza kunguruma, wakamwita Kapteni. Hata mke wangu! "Kapteni hajambo?" Mie miaka yote hiyo ni "we Baba Zuhura".

Siku moja akanipigia simu. "Kaka, tairi la kushoto linang'ang'ania. Nikiitembeza inavutia upande, diski inaungua. Kesho nataka kuirusha. Kwenye breki sina mwingine ila wewe."

Nikaenda mbio. Kumsaidia? Nilikwenda kuitazama kasoro yake.

Tukapiga jeki. Nikazungusha tairi kwa mkono, zito. Nikalegeza nati ya kutolea upepo, mafuta ya breki yakaruka, tairi likawa jepesi. Ukiona hivyo, pedi hazina kosa, mafuta yamefungiwa huko juu, hayana njia ya kurudi. Nikachungulia kwenye pedeli. Sefu kaweka kipande cha mpira pale inapopumzikia, kinene mno, pedeli hairudi mpaka mwisho. Kisu tu kingemaliza kazi.

Nikanyamaza. Nikafunga nati, nikamwambia, "Imepona."

Nilijua akikanyaga mara tatu nne itashika tena. Akitua, tairi moja ligande, ndege ibinuke. Nilijua. Unanitolea macho ya nini? Wewe hujawahi kuona mwenzio anapaa?

Sefu akaenda kuswali adhuhuri. Nikabaki peke yangu chini ya bawa, jua la utosi, saa ya mashetani, ambayo mama zetu walituitaga ndani. Nilipolegeza nati upepo uliingia, ilibidi niutoe, na kutoa upepo ni kazi ya watu wawili, mmoja juu anakanyaga, mmoja chini analegeza nati, wala hamwonani. Basi mazoea yakanisemesha: "Kanyaga."

Pedeli ikakanyagwa.

Halafu kikohozi. Kikavu. "Nimeshika."

Wallahi, mgongo wa mkono wangu ulikuwa kwenye diski, ndivyo tunavyopima joto. Ikawaka moto. Ndege haijatembea tangu asubuhi, moto umetoka wapi? Navuta mkono, hauji.

"Achia, Fundi!"

"Siachii. Umeona nini huku juu?"

Ndivyo alivyotuulizaga tukiwa vijana, na jibu analo. Nikalia kama mtoto. "Mpira! Mpira wa pedeli mnene!"

"Mie unaniambia wa nini? Kamwambie mwenye chombo."

Mkono ukaachiwa. Nikainuka kuchungulia. Hapakuwa na mtu, ila sponji ya kiti ilikuwa imebonyea, inajiinua taratibu.

Sefu aliporudi nilimwambia yote, hata kwamba nilificha. Akafungua kile kisanduku, akatoa kisu, akaukata ule mpira. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kiti cha pili cha kesho nilikuwa nimekuwekea wewe, kaka."

Sikupanda. Ningekaaje pale?

Tangu siku ile mgongo wa mkono huu hausikii joto, napima kwa kushoto kama mwanafunzi. Ndege ya Sefu ikipita juu ya mtaa, watu wanapunga, na mie natoka, natazama mpaka shingo inauma. Wivu upo, sikufichi. Ila wewe ukiona kosa kwenye kazi ya mwenzio, mwambie palepale, wakati anayekuuliza bado ni mtu aliye hai.