Betri Iliyogoma Kufa

Ulikuwa mwaka ule wa mvua kubwa; la, mvua zilikuja mwaka uliofuata. Mwaka wenyewe ni ule wa ukame, maana mabomba yalikauka, na maji ya kuoshea vyombo vya maabara yakawa yanabebwa kwa ndoo. Mbeba ndoo alikuwa mtu mmoja wakimwita Tulia. Jina la utani tu hilo: tangu utoto hakupata kukaa kitini mpaka chai ikaisha.

Kazi yake hasa ilikuwa kupika unga. Si wa kula. Unga mweusi wa kupakwa ndani ya betri za zinki, zile zinazovuta hewa kama mtu. Betri ikitoa umeme, unga huvuta hewa ndani. Ikichajiwa, unga uleule huitoa nje. Hapo ndipo penye kazi. Unga hodari wa kuvuta huwa goigoi wa kutoa, na unaojua yote mawili hufa upesi. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Daktari wa maabara, mwanamke wa umri wa binti yake Tulia, alikuwa akisema kazi yao ni kuwaumbua wahenga.

Basi unga mmoja wa Tulia ukagoma kufa. Betri yake ikichajiwa, ikitoa, ikichajiwa, ikitoa. Nyingine zote kwenye rafu zikazimika, yenyewe inapumua tu. Watu wa vyumba vingine wakawa wanakuja kuichungulia kama mtoto mchanga. Mkuu wa jengo naye akaja, akawaambia wapike mwingine kama huo. Wakiweza, chumba ni chao. Wakishindwa, chumba hicho wapewe watu wengine.

Tulia akapika. Chumvi zilezile za nikeli na kobalti, tanuri lilelile, moto uleule. Ukafa. Akapika tena, ukafa mapema zaidi. Akawa hana pa kutulia. Kazini aliizunguka meza mpaka daktari akamwomba akazungukie nje. Nyumbani alihamisha kabati, akalirudisha palepale. Mkewe alimtazama weee, akachoka.

"Baba, humu ndani umeshika kila kitu isipokuwa kijiko changu cha chuma. Au kwa kuwa hicho ulishakiharibu?"

Akauliza kijiko gani. Mkewe akamkumbusha: kile alichokwenda nacho kazini na chakula chake, kikarudi cheusi kama mkaa, na alipoulizwa akacheka tu, akasema kijiti cha kioo kimevunjika, amekorogea dawa. Shemeji yake, aliyejinyoosha sebuleni, akadakia kwamba basi shemeji anapika bila kijiko siku zote hizi, mboga itaiva vipi?

Tulia alitoka kamba za viatu zikiburutika. Alimweleza daktari akihema kwamba dawa ya unga ule uliogoma kufa aliikorogea kijiko cha chuma, akingoja kukaripiwa. Hakukaripiwa. Daktari alisema huenda chuma cha kijiko kiliyeyuka kikaingia ungani. Lakini kiasi gani? Kikipungua hakisaidii, kikizidi kinaharibu. Na unga ule wa kwanza ulikuwa umebaki mahali pamoja tu: ndani ya betri ile.

"Tukiipasua itakufa, mwanangu."

"Itakufa, mzee. Na tusipoipasua, chumba ndicho kitakachokufa."

Aliomba apewe muda kidogo. Akavuta kiti, akakaa mbele ya rafu, mikono magotini. Wenzake wakapita kwa kunyata, kwa kuwa hawakuwahi kumwona amekaa hivyo. Kisha akainuka, akaishika mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aiguse. Alipokata waya, mshale wa kipimo ulikuwa bado uko juu.

Chuma kilikutwa, kidogo mno, kama chumvi iliyoponyoka vidoleni. Wakakipima, wakapika kwa kipimo hicho, na unga mpya ukavuta na kutoa ukadumu. Haukuwahi kuifikia siha ya ule wa kwanza, ila ulimtosha mkuu wa jengo. Chumba kikabaki chao.

Mvua zilipokuja, mabomba yakajaa, ndoo zikawekwa kando. Tulia hakutulia. Wageni wakija kuzisifu betri mpya, huwapokea vizuri, huwaonyesha rafu yote, halafu husimama pale penye nafasi tupu ambapo hataki kiwekwe kitu. Yeye mwenyewe alimuuliza daktari, akamuuliza mkuu wa jengo, akamuuliza hata shemeji yake: ile ya kwanza, tusingeipasua, si ingekuwa inapumua mpaka leo?