Mitungi Niliyoificha

Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hivyo mnivumilie nikizunguka. Hapa kwetu, juu ya Githongo, maji yako mtoni, chini kabisa, na wanawake huyapandisha kwa mgongo.

Siku moja tukaambiwa kuna wafadhili wanatafuta kijiji chenye shida ya maji, wakiwekee mabomba. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi. Sasa, mgeni kwetu lazima akute mambo mazuri. Nikachinja mbuzi, beberu mmoja mkorofi sana, lakini hayo tuyaache. Watu wakavaa nguo za kanisa. Mitungi ya njano ya kubebea maji, iliyopangwa kando ya njia, nikaamuru ifichwe kwa stoo ya kahawa.

"Mzee, unaficha shida na ndiyo wanakuja kuona?" mke wangu akaniuliza.

"Nyamaza, mama. Unataka tuitwe maskini?"

Wageni walinawa mikono kwa maji mengi, ya moto, ambayo mke wangu na wenzake walibeba tangu alfajiri. Mama mmoja kati ya wageni akaniuliza kama maji yanatusumbua sana. Nikacheka, nikasema, "Hapana sana, tunajikaza." Akaandika.

Mabomba yalienda kijiji cha ng'ambo ya bonde. Huko waliwateremsha wageni mpaka mtoni, na viatu vyao vizuri.

Mke wangu amezeeka na bado anabeba maji, maana magoti yangu yamekataa. Hajawahi kunilaumu. Akirudi huweka mtungi pale pale kando ya njia, kila mtu auone.