Mama Makochi Amtafuta Meneja

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Makochi, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Miaka ishirini na mbili alikuwa akivalisha makochi vitambaa, na aliringia jambo moja tu: kazi yake ikishatoka karakana haifunguliwi tena. Mumewe, seremala, aliunda fremu. Yeye alifunga springi, akapanga sponji, akavuta kitambaa, kisha akapigilia kile cheusi cha chini kwa mbwembwe zote.

Paka wao wa kijivu aliitwa Meneja kwa sababu hakufanya kazi yoyote ila kukagua ya wenzake. Alikuwa amezaa watoto watatu ndani ya boksi la vipande vya sponji, na walikuwa na siku tisa tu, macho bado hayajafunguka. Jumanne jioni Meneja hakurudi kunyonyesha.

"Paka hana kwao," alisema mumewe. "Atarudi mwenyewe, mke wangu."

"Paka mwenye watoto ana kwao. Nipe tochi."

Basi hakulaza damu. Alichungulia chini ya mbao, akapanda darini, akaingia mtaroni mpaka magotini. Gauni lake la kazi lisilofuliwa alilitundika mlangoni ili Meneja anuse harufu ya kwao. Jumatano alfajiri, kabla ya kelele za mtaa, alipita akiita na kunyamaza, akiita na kunyamaza, maana paka mwenye hofu hujibu kwa sauti ndogo. Majirani hakuwauliza kama wamemwona. Aliwaambia, "Nifungulieni stoo nitazame mwenyewe." Muuza nyama alinuna kwa jinsi alivyokaguliwa, na haki yake kununa.

Kila aliporudi aliwadondoshea watoto maziwa kwa kitambaa. Wawili walifyonza. Yule mdogo kabisa alikuwa hata kulia ameacha.

"Pumzika kidogo," mumewe alimsihi.

"Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Mimi sijapata."

Mchana alikaa kando ya boksi, akaacha kutafuta kwa miguu, akaanza kutafuta kwa akili. Paka mzazi hukosa raha, akazunguka kusaka pa kuhamishia wanawe. Anataka pa giza, laini na pa karibu. Mbele yake palikuwa na kochi limepinduliwa, tumbo wazi. Jana lilikaa jingine papo hapo, kabla halijapelekwa kwa mwenyewe. Alikuwa ametoka mlangoni kubishana na muuza vitambaa, akarudi na hasira zake, akapigilia kitambaa cha chini bila kutazama ndani.

"Mungu wangu," alisema. "Ni mimi."

Alichukua mkasi na koleo, akaenda mbiombio mpaka kwa mwenye kochi hilo la jana, nesi mstaafu. Alimkuta na wageni, wakwe watarajiwa wa binti yake, wamejipanga juu ya kochi jipya kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo kwanza nawasifia kazi yako. Ila springi zako zinalia tangu jana!"

"Mama, hizo si springi. Ni paka. Nimemfungia humo kwa mikono yangu mwenyewe. Naomba wageni wasimame."

"Wasimame? Wakwe zangu? Njoo kesho, wakishaondoka."

Mama Makochi alipiga magoti sakafuni. Aibu ilimuunguza masikio, lakini hakuondoka. "Kesho watoto wake watakuwa wamekufa. Mkinitoa, mnitoe na kochi."

Nesi alimtazama. Alikuwa amefanya kazi wodi ya wazazi umri wake wote. "Wana siku ngapi?"

"Kumi leo."

"Simameni, jamani," nesi aliwaambia wakwe zake, na baba mkwe mwenyewe akashika upande mmoja wakalipindua.

Mama Makochi aling'oa misumari mitatu, uvumilivu ukamwishia, akakata kitambaa toka pembe hadi pembe. Meneja alikuwa amejibana kati ya springi, mdomo umekauka, akampiga kucha mkononi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Hata damu hakuifuta.

Njiani, paka kifuani, aliapa kwa sauti, watu wakimshangaa: hakuna kitambaa cha chini kitakachopigiliwa tena kabla mkono haujaingia hadi begani, na kabla Meneja hajaonekana kwa macho. Mteja mwenye haraka atafute fundi mwingine.

Ndani ya lile boksi, wawili walidaka chuchu mara moja. Yule mdogo alilala tu. Mama Makochi alimsogeza, akaminya tone la maziwa likamgusa mdomo, akamshikilia hapohapo kwa kidole, dakika baada ya dakika, wala hakumruhusu mumewe aseme neno.

"Nyonya," alimwambia huku machozi yakimtoka. "Nimewasimamisha wakwe za watu kwa ajili yako. Nyonya!"

Akanyonya.