Sukari Haikumsubiri Gunvor

Gunvor Hedström aliuza stempu posta ya Enköping mpaka akaota mvi, na kila aliyemuuliza kwa nini aliacha masomo ya kemia kule chuo kikuu cha Uppsala alijibiwa kwamba hesabu zilimshinda. Uongo mtupu. Hesabu alizimudu kuliko wenzake wote. Kilichomshinda ni aibu.

Siku ile maabara alikuwa amechanganya sukari na asidi, apime sukari inavyovunjika kadiri muda unavyokwenda. Hata kipimo cha kwanza hajasoma, saa ya kahawa ikafika. Kule huwezi kubaki mezani wenzako wakienda kunywa kahawa; watasema unaringa. Akaenda, akala mkate wa mdalasini, soga zikanoga. Aliporudi akapima, akakuta sukari nyingi imeshavunjika. Akaendelea kupima iliyobaki hadi ikaisha, lakini akajiambia kwamba kazi isiyo na mwanzo ni takataka. Akaichana karatasi ya vipimo vyake, akamwendea rafiki yake Majken, wa meza ya jirani.

"Shoga, nipe vyako ninakili. Nitabadilisha kidogo."

"Mwalimu Rudberg hadanganyiki yule, ujue."

"Lete bwana, acha woga."

Majken akampa; Gunvor akanakili, akabadilisha kidogo, akakabidhi. Kumbe Rudberg alikuwa amempa kila mwanafunzi asidi ya nguvu tofauti, makusudi, bila kuwaambia. Sukari ya Gunvor isingeweza kuvunjika kwa kasi ya sukari ya Majken. Akaitwa ofisini, akasimamishwa muhula mmoja, na hakurudi tena. Kichwa kile, jamani, kikaishia kwenye stempu.

Miaka ikapita. Adhuhuri moja Rudberg, sasa mzee wa mkongojo, alifika posta na kifurushi, akamtambua.

"Gunvor. Hivi vipimo vyako mwenyewe vilikwenda wapi siku ile?"

"Nilivichana, Mwalimu. Nilichelewa kwenye kahawa, mwanzo ukanipita."

Mzee akamtazama kama aliyeambiwa habari ya msiba.

"Ukakupita, kwani ulikuwa na kazi nao? Sukari ile nusu yake ikiisha kwa muda fulani, nusu ya iliyobaki itaisha kwa muda uleule, na inayobaki tena hivyohivyo. Anza kupima mwanzoni, anza katikati, kasi utakayoipata ni moja."

"Kwa hiyo vyangu..."

"Vilikuwa sahihi, binti yangu. Ungeniletea, ningekupitisha palepale."

Gunvor akapima kifurushi, akabandika stempu, akamrudishia chenji yake. Mzee alipotoka tu, akafunga dirisha kabla ya wakati, akaingia stoo akalia. Miaka yote hiyo alikuwa amemlaumu Rudberg kwa ukali wake, akailaumu na miguu yake iliyokwenda kunywa kahawa. Kumbe jibu sahihi alikuwa nalo mkononi, akalichana mwenyewe, akaenda kuomba la mwenzake.