Jicho la Kushoto la Chiriku

Mpiga picha mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Picha, alikuwa na makengeza tangu utotoni. Jicho la kulia likimtazama mteja, la kushoto lilikuwa mlangoni. Akisema "tulia hapo hapo," walitulia watu wawili. Alizoea kuwa wa kwanza kujitania, ili wengine wakose la kusema.

Siku moja mkwe wake, mke wa mwanawe, alimleta mjukuu studio apigwe picha ya kuandikishwa chekechea. Kwa maneno yake mengi, mtoto huyo aliitwa Chiriku. Picha ilipofunguka kwenye kompyuta, babu aliikuza, akaisogelea. Nukta ya mwanga wa taa ilikuwa katikati ya mboni ya kulia. Kwenye ya kushoto ilikuwa imesogea kando.

"Mkwe, hili jicho huwa linakwenda pembeni?"

"Akichoka tu, baba. Wanasema litanyooka akikua."

"Hata mama yangu aliambiwa hivyo."

Alifunga studio, wakaenda hospitali ya macho.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimziba Chiriku jicho la kushoto, akamwonyesha michoro ya wanyama. Mtoto aliitaja yote, na kuongeza ambao hawakuwepo. Alipozibwa la kulia, maneno yalimwisha.

"Macho yake yanatazama pande mbili," daktari alieleza, "kwa hiyo ubongo unapata picha mbili. Ili usichanganyikiwe, unaipuuza moja, na jicho linalopuuzwa halijifunzi kuona vizuri. Bado ni mdogo, tutalifundisha. Atavaa miwani, na kila siku tutaliziba lile zima kwa saa chache."

Mzee Picha alikohoa kidogo. "Daktari, mama yangu aliambiwa alimcheka mtu mwenye makengeza akiwa na mimba yangu. Ndiyo sababu nilizaliwa hivi?"

"Hapana, mzee. Mama yako hakukosea chochote."

Mzee alitoa leso, akaifuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi. Jioni alimpigia simu dada yake mkubwa, akamrudia maneno ya daktari. Dada akasema, "Laiti mama angeyasikia. Alikuwa akikuogesha huku analia."

Nyumbani, Chiriku alikibandua kibandiko cha jicho kila kilipobandikwa. Mama yake alibembeleza, akatisha, akachoka. Ndipo babu naye akaziba jicho lake zima, akaketi kando ya mtoto na kumimina chai mezani badala ya kikombeni.

"Babu, kikombe kiko huku!"

"Wapi? Nishike mkono."

Hakuwa akiigiza. Jicho lake la kushoto lilimwonyesha ukungu na vivuli tu, na Chiriku, kwa jicho lake dhaifu, ndiye aliyekuwa akimwongoza. Tangu hapo walizibana macho kila asubuhi, na kibandiko hakikuwa tena ugomvi.

Miezi ilipita. Chiriku akaanza kuitaja michoro kwa jicho la kushoto, mikubwa kwanza, kisha midogo, na daktari akapunguza saa za kibandiko. Jicho bado huteleza akichoka, na huenda siku moja akahitaji upasuaji.

Daktari alimwambia Mzee Picha kwamba hata lake linaweza kunyooshwa, ingawa kuona hakutarudi. Mkwe alipomuuliza ameamua nini, alisema bado anafikiri.

"Usifikiri sana, baba."

"Nimekaa nalo muda mrefu," alijibu. "Niache kwanza nizoee kwamba si kosa la mtu."