Kisirani wa Jikoni

Juzi nilijikokota kutoka nyumbani, jambo la nadra kwangu, nikaona dukani Bondeni leso iliyoandikwa neno "kisirani". Nikacheka peke yangu. Hilo lilikuwa jina langu kwa alasiri moja ya utotoni.

Shangazi alikuwa akipika kaimati za harusi ya bintiye. Jikoni kulinukia iliki, na mafuta yalilia kama mvua juu ya mabati. Nilipoingia tu, shira ya kuzichovya kaimati ikageuka sukari, ikaganda sufuriani.

"Kisirani huyu! Mtoeni, na harusini asije!" shangazi alifoka.

Nilidhani kisirani ni uchafu. Nikasugua miguu kwa sabuni mara mbili, huku nalia.

Bibi, mamake shangazi, aliyekuwa akisomesha Kurani barazani, alinishika mkono akanirudisha jikoni.

"Neno hilo lilikuja na wafanyabiashara wa Arabuni," alimwambia shangazi. "Kwao lilikuwa hasara ya mali, basi. Sisi huku ndio tuliowabandika watu. Nawe wambandika mjukuu wangu?"

"Lakini mama, shira..."

"Shira haijui nani kaingia. Mjukuu wangu, shika mwiko."

Nilikoroga shira mpya. Bibi alikamua ndimu ndani, nami nikadhani hiyo ni dua. Leo najua shira isiyo na ndimu huganda hata akiingia malaika.

Yangu ilitoka laini, inang'aa. Shangazi alionja kaimati moja, akachukua nyingine. Alikula saba. Nilizihesabu kwa sauti.