Siku Niliyotafuta Mahari ya Baba

Harufu ya Majengo, Nanyuki, ilinipokea kabla sijauona mtaa wenyewe: ngozi mbichi za mbuzi zilizopakwa chumvi na kutandazwa juani, ubani uliofuka kutoka madirishani, na vitunguu vilivyoungua katika mafuta ambayo, naapa, yalikuwa yakikaangiwa tangu mwaka uliotangulia. Siku hizi vijana wana mtindo wao. Wanashuka Nanyuki Jumamosi, wanazurura mtaa uleule simu mkononi, wanapiga picha mahamri na kikombe cha chai, kisha wanawatangazia wenzao kwamba wametembea. Wametembea wapi? Hawajui hata wanachokikanyaga. Mmoja wao, mpangaji katika jengo langu la mtaa wa Skuta, hapa Nyeri, kijana wa digrii mbili asiyeweza kubadilisha balbu, alinieleza ati kutembea mjini peke yako siku nzima bila shughuli ni dawa ya akili. Nikamwambia dawa hiyo niliinywa nikiwa darasa la saba, tena bila sukari. Mtembezi hula miguu yake, na mimi siku ile niliila yote miwili.

Kwetu ni Kianyaga, kwenye chai na kahawa. Baba aliitwa Muriuki, mchuuzi wa mbuzi. Alikuwa akienda Nanyuki kununua mifugo kwa wafugaji wa kaskazini, anawaleta kwetu kuwauza, na kila akirudi alituletea majigambo mengi kuliko mbuzi. Halafu akaacha kurudi. Kahawa ikachanua, ikaiva, ikachumwa, na baba hayupo. Mama hakulia wala hakuuliza mtu, alilima. Lakini mimi nilikuwa na haraka. Desemba ile wenzangu wote wangetahiriwa, na kwetu kijana hapelekwi kutahiriwa kama kuku anayepelekwa sokoni. Baba ndiye humtafutia msimamizi, mwanamume wa kumshika bega na kumfunza utu uzima, na siku yenyewe baba huja akasimama mahali ambapo kila mtu atamwona. Asiye na baba wa kusimama hutungiwa nyimbo na wenzake mpaka aote ndevu. Basi nikaamua nitamrudisha nyumbani. Mama akaniombea nafasi katika lori la ndizi la jirani yetu, akanipa neno moja tu: "Ukimwona, mwambie Desemba."

Dereva alinishusha sokoni asubuhi, akasema atageuza jioni, na nisipokuwepo nitalala na punda. Hivyo nikabaki na siku nzima, mji mzima, na viatu vya mjomba vilivyonizidi. Mtoto asiyetembea, wazee wetu husema, hudhani mama yake peke yake ndiye ajuaye kupika. Mimi nilitembea, na nakuambia sikuona mpishi wa kumshinda mama. Nilichoona ni watu wazima walioketi mbele ya maduka tangu jua kuchomoza, kila mmoja na kikombe kilichokwisha chai, wakizungumzia mvua ambayo hakuna kati yao aliyekuwa na shamba la kunyeshewa nayo. Niliona fundi cherehani aliyeshona mstari mmoja kisha akapumzika kana kwamba amejenga daraja. Niliona jamaa zetu wa milimani, waliovuka mto Sagana juzijuzi tu, wamekwisha kusahau jembe, wanapiga soga na kutema mate kama waliozaliwa hapo. Mtaa ulichangamka, sikatai. Redio zilipigana kutoka nyumba hadi nyumba, adhana ikapanda, mbuzi wakajibu, akina mama wakavutana bei ya nyanya kwa sauti za mahakamani. Lakini kuchangamka si kufanya kazi. Mimi hata wakati huo nilijua tofauti.

Kila niliyemuuliza Muriuki wa Kianyaga alitikisa kichwa. Adhuhuri ikapita. Mwisho nikafika kwenye ukuta ulio karibu na uwanja wa kuuzia mifugo, ambako wafanyabiashara wa mbuzi walikaa kwenye benchi na bakora zao. Nilisalimia kwa heshima, nikamwelekea mzee mmoja mwenye ndevu za hina. Sasa lazima uelewe kwamba lugha yetu haina herufi l. Tunayo r, na hiyo tunaitumikisha kazi zote mbili. Nilitaka kuuliza mahali pa baba, yaani anakokaa. Nikasema, "Mzee, natafuta mahari ya baba yangu."

"Mahari!" akapaaza sauti. "Jamani, njooni muone mshenga! Baba anaoa, mtoto ndiye anakusanya."

"Si kuoa, mzee. Natafuta mahari. Mahari anakaa."

"Mahari haikai, kijana. Mahari hutembea kwa miguu minne!"

Benchi zima likacheka mpaka mmoja akamwaga chai kwenye kikoi chake. Mimi nikasimama pale masikio yakiwaka, nikiwadharau mmoja mmoja kwa zamu. Mzee akapangusa machozi, akaniuliza baba yangu ni nani hasa. Nikamwambia ni Muriuki, mchuuzi wa mbuzi, ana kovu hapa juu ya nyusi. Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Wakatazamana. "Wallahi, si ni Ramadhani huyo?" mmoja akasema chini kwa chini. Yule mzee akaniangalia sasa kwa namna nyingine, akainuka akitegemea bakora.

"Mahari ya baba yako ilishatolewa, mwanangu," akasema. "Mbuzi nilimchagulia mimi. Twende nikupeleke."

Ndivyo nilivyopata habari. Mtaa mzima ulikuwa unamjua baba yangu; ila Muriuki hawakumjua, kwa sababu Muriuki huyo baba alimwacha Kianyaga pamoja na sisi. Hapa alikuwa Ramadhani, mume wa mtu. Sina neno na dini. Mtu aswali anakoswali, na wanaonunua mbuzi wangu leo wengi ni Waislamu, watu wa kauli moja. Nina neno na mwanamume anayehama nyumba kama anayebadilisha shati.

Tulimkuta amechuchumaa mlangoni, kofia kichwani, akifua nepi ndani ya karai. Baba yangu! Mtu ambaye kwetu hakuwahi kujichotea maji ya kunawa uso. Nikamsalimia kwa lugha yetu. Akainua macho, kovu likapanda, akanijibu kwa Kiswahili.

"Karibu, kijana. Umekuja na nani?"

Mwanamke mwembamba akatokea na mtoto mgongoni. "Ramadhani, nani huyu?"

"Mtoto wa huko nyumbani," akasema, vile mtu anavyomtambulisha mtoto wa jirani.

Mwanamke yule akanitazama pua, akamtazama yeye pua, na hakuuliza tena. Akanivutia kigoda, akanipa chai ya iliki na mahamri ya moto. Nilitaka kumdharau naye, nilikuwa nimejiandaa kabisa, lakini chai ilikuwa nzuri, jambo ambalo linaniudhi mpaka leo. Nikaimeza, kisha nikasema kwa Kiswahili changu chote ili naye asikie, "Natahiriwa Desemba. Baba anatakiwa asimame."

Baba akakamua nepi, akaikamua tena ingawa ilikwisha maji. "Nitakuja, Inshallah," akasema. Halafu, kana kwamba hilo limekwisha, akaongeza, "Na ujifunze kutamka. Nimesikia wanakucheka huko nje. Ni mahali. Maha-li. Usiniaibishe." Ulimi wake ulikuwa umenyooka kama msumari mpya. Alikuwa amejifunza l, mwanamume huyo. Hicho ndicho alichokipata Nanyuki.

Mwanamke alinijaza mahamri mifukoni. Nikarudi sokoni, nikapanda lori juu ya magunia matupu hadi Kianyaga. Mama alikuwa akingoja jikoni.

"Yuko hai?"

"Yuko."

"Umemwambia Desemba?"

"Nimemwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema Kiswahili."

Mama akasukuma kuni ndani ya moto, na jina la mtu huyo halikutajwa tena jikoni mwake.

Desemba ilifika, baba hakufika. Mjomba, ndugu wa mama, ndiye aliyesimama, na wenzangu waliimba nyimbo zao nikazisikia zote. Baadhi ya waimbaji hao leo wananiendeshea malori. Shule niliacha mwaka uliofuata. Nikaanza na mbuzi mmoja aliyechechemea, na sasa ukisikia lori linanguruma kupanda kutoka Sagana usiulize la nani. Watu huniuliza kama nilimchukia baba. Chuki ni kazi, na haifanywi bure kwa mtu yeyote tu. Nikipita Majengo, ambako sasa ghorofa zimekula nusu ya anga, huwa namwona ameketi kibarazani, mzee wa kikombe kikavu. Nampungia mkono kama ninavyompungia yeyote. Namtumia unga. Hata punda aliyestaafu hulishwa.

Kinachonichekesha ni akina baba wa leo. Mtoto wa mtu akitahiriwa wanakodi hema, wanaleta keki yenye jina lake, wanamlipa kijana wa kipaza sauti apige kelele, na siku yenyewe baba yuko kwenye simu akijadili ploti. Desemba iliyopita ilikuwa zamu ya mwanangu wa kwanza. Sikukodi hema. Nilifunga biashara, nikazima simu, nikampeleka mwenyewe kliniki hapa Nyeri. Muuguzi, msichana mdogo mwenye haraka, akamwingiza ndani, akatuambia wazazi tukae tungoje. Viti vilikuwepo, safu nzima, na wenzangu wakakaa wakainamia simu zao. Akatoka tena, akanikuta nimesimama palepale.

"Mzee, si ukae? Itachukua muda."

Nikamwambia anijali mimi baadaye, amwangalie kijana. Mlango ulipofunguka, mwanangu akatoka akitembea miguu wazi, macho yakinitafuta kwenye viti. Kisha akayainua.